Kebo Ikifa, Nani Alipe?

Mwaka 1860 kebo ya telegrafu iliyotandazwa chini ya Bahari ya Shamu, kutoka Suez hadi Aden na kuendelea hadi Karachi, ilinyamaza. Ilikuwa imevutwa kwa kukazwa mno juu ya matumbawe, ikaning'inia kati ya mwamba na mwamba, na nyaya nyembamba za chuma zilizoizunguka zikaliwa na kutu katika maji ya moto ya bahari ile. Vipande vyake vilikatika kimoja baada ya kingine. Walioumia, hata hivyo, hawakuwa wenye kampuni. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewaahidi wenye hisa asilimia 4.5 ya mtaji wa pauni 800,000 kila mwaka kwa miaka 50, na katika ahadi hiyo halikuwekwa sharti kwamba kebo iwe inafanya kazi. Hazina ikabaki na deni la pauni 36,000 kwa mwaka, kwa ajili ya waya uliokuwa ukiota kome.

Leo mkandarasi anapomaliza kuvuta nyaya za mtandao katika benki, hospitali au chuo, humkabidhi mteja faili nene. Kila soketi ya ukutani ina ukurasa wake, kila jozi ya nyaya ina namba zake, na juu kabisa lipo neno moja: imefaulu au imefeli. Wateja wengi hulitia kabatini bila kulisoma. Wakilisoma watakuta mistari ya michoro inayopanda na kushuka, desibeli, omu na megahezi, mambo yanayofanana na siri za mafundi. Asili yake si ya siri hata kidogo. Faili hilo lilianzishwa na watu waliochoka kulipia makosa ya wengine, na kuchoka kwao kulianza na shaba.

Katika miaka ya 1850 mnunuzi wa waya wa shaba alipima unene na uzito, basi. Shaba ilikuwa shaba. William Thomson, profesa wa Glasgow ambaye baadaye angejulikana kama Lord Kelvin, mwaka 1857 alichukua vipande vya waya kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, vyote vikiuzwa kama bidhaa nzuri, akapima jinsi vinavyopitisha umeme. Akakuta vingine vinapitisha karibu mara mbili ya vingine. Tofauti hiyo haikuonekana kwa jicho wala kwa mizani. Uchafu mdogo tu wa madini mengine ndani ya shaba ulitosha kuiharibu. Thomson alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa Atlantic Telegraph Company, kampuni iliyokuwa inataka kuunganisha Ireland na Newfoundland, na kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya kebo yake ilikwisha kutengenezwa. Alichoweza kukipata ni ahadi kwamba shaba ya nyongeza, kwa ajili ya safari ya 1858, ingepimwa kwanza kiwandani na ile hafifu kurudishwa. Watengenezaji hawakufurahi. Hata hivyo sharti liliandikwa katika mkataba, na hapo ndipo upimaji wa kebo ulipoanza kuwa kazi yenye nguvu ya kisheria, ukaacha kuwa udadisi wa maprofesa.

Kebo hiyo ilikuwa na kasoro nyingine za kuchekesha, kama si za kusikitisha. Viwanda viwili viligawana kazi ya kuizungushia nyaya za chuma, kimoja Greenwich na kingine Birkenhead. Kimoja kikasokota kuelekea kulia, kingine kushoto, kwa hiyo nusu mbili zilipounganishwa katikati ya bahari kila moja ilitaka kuifungua nyenzake. Sehemu nyingine ililala nje juani, na gutapacha, ule utomvu wa miti ya Malaya uliotumika kuzuia umeme usivuje, ukalainika na kuuacha waya utoke katikati.

Tarehe 5 Agosti 1858 kazi ya kutandaza ilikamilika. New York ilisherehekea kwa fataki hadi paa la City Hall likashika moto. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, maneno 98, zilichukua takriban saa 16 kuvuka bahari. Fundi mkuu wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, aliyekuwa daktari wa upasuaji kabla ya kuingia katika mambo ya telegrafu, aliamini kwamba dawa ya ishara dhaifu ni nguvu zaidi. Akasukuma volti zinazokadiriwa kufikia 2,000 ndani ya kebo ambayo kihami chake kilikuwa kibovu tayari. Baada ya wiki chache kebo ilikufa. Whitehouse alifukuzwa kazi, na kwa muda mrefu vitabu vimemtwisha lawama peke yake. Si haki kabisa. Kebo ile ilikuwa mgonjwa kabla hajaigusa, na hapakuwepo karatasi ya kuonyesha ugonjwa ulianza siku gani.

Kufa kwa kebo ya Atlantiki kulizaa kamati ya pamoja ya kampuni na wizara ya biashara ya Uingereza. Ilikaa tangu 1859, na kebo ya Bahari ya Shamu ikafa kamati ikiwa bado inakaa; ikahoji wahandisi, mabaharia na wanasayansi, na mwaka 1861 ikatoa ripoti nene iliyosema kwa ufupi kwamba maafa yale yangeweza kuzuiwa kama kebo zingetengenezwa, zingepimwa na zingetandazwa kwa uangalifu.

Lakini kupima kwa kipimo gani? Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Fundi mmoja alisema kebo yake ina ukinzani wa maili kadhaa za waya fulani wa shaba, mwingine akataja maili za waya wa chuma wa nchi yake. Mnunuzi na muuzaji wangeweza kupima kebo ileile, wakapata namba mbili, na wote wakawa wakweli. Werner Siemens, ambaye kampuni yake iliajiriwa kusimamia umeme wa kebo ya Bahari ya Shamu na ambaye mwaka 1859 alinusurika kifo meli yake ya Alma ilipogonga mwamba katika bahari hiyohiyo, alipendekeza mwaka 1860 kipimo kilichotokana na zebaki: safu yenye urefu wa mita 1 na mkato wa milimita 1 ya mraba. Waingereza waliunda kamati yao mwaka 1861. Ndani yake alikuwemo Thomson, na baadaye James Clerk Maxwell, ambaye alifanya majaribio King's College, London, kwa kuzungusha duara la waya ili kupata kiasi kamili cha ukinzani. Mwaka 1865 koili za kipimo kipya zilianza kusambazwa. Kipimo hicho tunakiita omu. Kinafundishwa shuleni kama jambo la fizikia, na ni sawa, ila waliokipigania kwa bidii kubwa zaidi walikuwa watu wa kebo waliotaka kuandika mikataba isiyobishaniwa.

Matokeo yalionekana upesi. Kebo ya Atlantiki ya 1865 na 1866 ilikuwa na pauni 300 za shaba kwa kila maili ya bahari, karibu kilo 136, dhidi ya pauni 107 za ile ya kwanza. Kiini chake kililazwa majini kwa joto lililopangwa ndipo kikapimwa, kwa sababu gutapacha hubadilika joto linapobadilika, na kipimo kisichotaja joto hakina maana. Ndani ya meli Great Eastern mafundi walikesha wakitazama doa la mwanga likitembea juu ya rula: hilo lilikuwa sindano ya galvanomita ya Thomson, kioo kidogo kilichogeuzwa na umeme hafifu mno. Doa lilipokimbia pembeni, meli ilisimama. Mara kadhaa mwaka 1865 walikuta kipande cha waya wa chuma kimechoma kihami hadi kwenye shaba, na mabaharia wakatiliana shaka ya hujuma. Kebo ilikatika tarehe 2 Agosti na kuzama. Mwaka uliofuata walitandaza nyingine, ikafika nzima, kisha wakarudi kuivua ile ya kwanza kutoka vilindini na kuiunga hadi mwisho. Ilipopimwa ilikuwa salama.

Upimaji huo ulizaa jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Willoughby Smith, fundi mkuu wa kampuni iliyotengeneza kebo hizo, alihitaji vitu vyenye ukinzani mkubwa sana ili apime kebo wakati inaposhushwa baharini. Akajaribu vijiti vya seleniamu. Namba zilimsumbua, hazikutulia, hadi ikagundulika kwamba ukinzani ulishuka kila vijiti vilipomulikwa na kupanda vilipofunikwa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1873 katika jarida la Nature. Mwanga na umeme vilikuwa vimekutana juu ya meza ya mpima kebo, karne nzima kabla mwanga haujapewa kazi ya kubeba simu.

Pwani ya Afrika Mashariki iliingia katika habari hii mwaka 1879. Januari ya mwaka huo jeshi la Uingereza lilishindwa na Wazulu pale Isandlwana, na London haikujua hadi tarehe 11 Februari, kwa kuwa habari zilibidi zipande meli kwanza kutafuta kituo cha telegrafu. Serikali iliyokuwa ikisitasita kutoa fedha ikaacha kusitasita. Kampuni ya Eastern and South African Telegraph iliundwa, na kabla mwaka haujaisha kebo yake ilikuwa imetoka Durban, ikagusa Delagoa Bay na Msumbiji, ikatua Unguja kwa Sultan Barghash, na kuendelea hadi Aden ilikoungana na njia za Ulaya na Bombay. Mwaka 1890 nyuzi fupi zaidi zilivuka kutoka Unguja kwenda Mombasa, na nyingine kwenda Bagamoyo na Dar es Salaam. Jengo la zamani la mawasiliano la Shangani, lililoitwa Extelecoms, bado lipo Mji Mkongwe; leo ni sehemu ya hoteli.

Kituo cha namna hiyo kilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kupokea na kutuma habari, ndiyo iliyowaleta wafanyabiashara mlangoni. Ya pili ilifanyika kebo ilipokatika. Hapo fundi alikaa na daraja la Wheatstone, chombo cha kupimia ukinzani, na kitabu cha kumbukumbu. Alipima ukinzani wa shaba tangu ufukweni hadi mahali umeme ulipotorokea majini, kisha akagawa kwa ukinzani wa kila maili. Kama maili moja ilikuwa na omu 4 na chombo kikasoma 400, basi palipovunjika palikuwa umbali wa maili 100. Hesabu rahisi, mtu atasema. Tabu ni kwamba jeraha lenyewe lina ukinzani wake, kwa hiyo ilibidi kupima kutoka pande zote mbili na kulinganisha. Na tabu kubwa zaidi: bila kumbukumbu za siku kebo ilipotandazwa, zikionyesha ukinzani wa kila kipande na mahali pa kila kiungo, gawanyo lile lingekuwa ubashiri. Meli ya matengenezo ilikula makaa kila siku iliyokaa baharini ikikokota nanga ya kuvulia kebo. Karatasi za kiwandani ziliokoa makaa hayo.

Simu ya sauti ilileta tatizo jipya, na hapa hadithi inaweza kukimbia kidogo. Nyaya zilizolala sambamba nguzo hadi nguzo zilinyonyana maneno; mtu alisikia mazungumzo ya jirani yake ndani ya simu yake. Alexander Graham Bell alipata hataza mwaka 1881 kwa wazo la kusokota nyaya mbili za mzunguko mmoja pamoja, ili bughudha inayoingia katika waya mmoja ifutwe na inayoingia katika wa pili. Kuhusu upotevu wa sauti, wahandisi wa Marekani waliupima kwa maili za kebo ya kawaida: laini yako inapoteza sauti sawa na maili kadhaa za ile. Hii ilikuwa kurudi kulekule kwa mafundi wa telegrafu na maili zao. Mwaka 1924 kampuni za Bell zilianzisha kipimo cha hesabu kilichokaribiana na maili hiyo, na mwishoni mwa muongo huo wakakipa jina la desibeli kumkumbuka Bell mwenyewe. Siku hizi misikitini, makanisani na kwenye kumbi za muziki watu hutaja desibeli, na ni wachache wanaojua kwamba ilianza kama urefu wa kebo.

Miaka ya 1980 ilipofika, kompyuta za ofisini ziliunganishwa kwa kila aina ya waya ambao kila kampuni ya kompyuta ilipenda kuuza. Jengo lililobadili kompyuta lilibadili nyaya pia. Kisha ikagundulika kwamba ule waya wa simu uliosokotwa, ambao tayari ulikuwa kila ukuta, unaweza kubeba data. Mwaka 1990 kiwango cha Ethaneti ya megabiti 10 juu ya waya huo kilipitishwa. Sasa mnunuzi alisimama pale aliposimama Thomson mwaka 1857. Dukani kuna makasha ya waya yaliyofanana, rangi ileile, unene uleule, bei mbalimbali. Upi unafaa?

Jibu la kwanza halikutoka kwa wanasayansi, lilitoka dukani. Anixter, muuzaji mkubwa wa kebo wa Marekani, mwaka 1989 alitoa mwongozo wa ununuzi uliopanga kebo kwa ngazi. Viwango vya Marekani vya TIA/EIA vya 1991 vilichukua wazo hilo, na ngazi zikawa kategoria: ya 3, ya 4, ya 5. Cat 5 ilipaswa kutulia hadi megahezi 100. Njia nzima, pamoja na kamba za mwanzoni na mwishoni, isizidi mita 100.

Kategoria, hata hivyo, iliandikwa juu ya ganda la waya kiwandani. Waya huo ukifika kwenye jengo hukutana na fundi. Huvutwa kwa nguvu ndani ya bomba, hukunjwa kwenye kona, hulazwa juu ya taa za tyubu, na mwishoni jozi zake hufumuliwa ili zibanwe ndani ya plagi. Kebo ya Cat 5 iliyofungwa ovyo haibaki Cat 5. Nani atathibitisha?

Kwa miaka kadhaa aliyethibitisha alikuwa testa ya taa nane, na hadi leo iko mfukoni mwa mafundi wengi. Unachomeka upande huu na upande ule, taa zinawaka moja, mbili, tatu mpaka nane, kila mtu anatabasamu. Testa hiyo inasema kweli: waya wa kwanza umefika kwa wa kwanza, wa nane kwa wa nane. Haisemi waya wa tatu umesokotwa na nani. Kanuni ni kwamba pini ya 3 na ya 6 ni jozi moja, na ya 4 na ya 5 ni jozi nyingine. Mgeni wa kazi hupanga kwa mantiki yake mwenyewe, 3 na 4, kisha 5 na 6, pande zote mbili. Taa nane zinawaka kwa mpangilio mzuri kabisa. Lakini ishara inayopita kwenye 3 na 6 sasa imepanda nyaya mbili zisizosokotana, kila moja imesokotana na waya wa mtu mwingine, na kazi yote ya Bell ya 1881 imefutwa. Mtandao unawaka, unasuasua, unapoteza data, na mteja anaambiwa kompyuta zake ni za zamani.

Oktoba 1995 ndipo lilipotolewa jibu lenye meno. Waraka uliojulikana kama TSB-67 ulieleza jinsi ya kupima kebo ikiwa tayari ukutani: ramani ya nyaya, urefu, upotevu wa ishara, na kelele inayoruka kutoka jozi moja hadi nyingine karibu na anayesema. Hii ya mwisho ipimwe kutoka pande zote mbili, maana upande mmoja unaweza kuwa safi na wa pili umeoza. Waraka haukuishia kwa waya. Uliweka masharti ya usahihi juu ya vyombo vyenyewe, na kuvigawa madaraja mawili. Matokeo yaliyokaribia mno mpaka wa kufaulu, kiasi kwamba chombo chenyewe hakiwezi kuapa, yatiwe alama ya nyota. Nyota hiyo ni jambo la uungwana lisilo la kawaida katika biashara: chombo kinakiri mipaka yake kwa maandishi. Mteja anayeiona kwenye ripoti ana haki ya kuuliza kwa nini iko hapo, na kama ziko nyingi, ana haki ya kuuliza kwa sauti.

Microtest, Fluke na wenzao walikuwa wanashindana kuuza vyombo vya mkononi vilivyofanya yote hayo kwa kubonyeza kitufe. Shindano hilo lilikuwa na faida kwa walaji. Mwaka 1999 Ethaneti ya gigabiti 1 juu ya shaba ilikuja na kutumia jozi zote nne, kila moja ikisema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Mwangwi uliokuwa hauna madhara ukawa adui, na majengo yaliyokuwa na vyeti safi vya Cat 5 yakahitaji kupimwa upya kwa vipimo vilivyoongezwa mwaka huohuo. Ikafuata Cat 5e, kisha Cat 6 ya megahezi 250 mwaka 2002, kisha Cat 6A ya megahezi 500 ambapo hata kebo ya jirani katika fungu moja huhesabiwa kuwa mshukiwa.

Na shaba? Shaba ilirudi na ujanja mpya. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu ni nyepesi na rahisi, na imeenea katika masoko ya dunia ikiwa na maandishi ya Cat 5e au Cat 6 kwenye ganda, ingawa viwango vinataka shaba tupu. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 61 hivi ya shaba, kwa hiyo ukinzani wa waya huo huzidi mara moja na nusu ya ule unaotakiwa. Ajabu ni kwamba unaweza kufaulu vipimo vya kisasa vya masafa ya juu, kwa sababu umeme wa masafa hayo hupita kwenye ngozi ya waya, na ngozi yenyewe ni shaba. Unaoumbua hila hii kirahisi ni mkondo mnyoofu: pima omu, kama alivyofanya Thomson. Mambo yamekuwa mazito zaidi tangu kamera na simu za mezani zianze kula umeme kupitia kebo ya mtandao. Kiwango cha 2018 kinaruhusu hadi wati 90 kutoka upande wa chanzo, na waya wenye ukinzani mkubwa, ukifungwa fungu moja na wenzake darini, hupata joto.

Faiba ina historia fupi zaidi. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa Harlow, Uingereza, walionyesha kwamba kioo kingefaa kwa mawasiliano kama upotevu ungeshuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita, yaani asilimia 1 tu ya mwanga isalie baada ya kilomita moja. Corning ya Marekani ilifika huko mwaka 1970. Nyuzi nzuri za leo hupoteza karibu desibeli 0.2 kwa kilomita, maana yake ile asilimia 1 husalia baada ya kilomita 100.

Uzi wa kioo hauna ukinzani wa kugawanya kwa maili. Mwaka 1976 Michael Barnoski na Stephen Jensen wa maabara ya Hughes, California, walitoa njia nyingine: tuma mpigo mfupi wa mwanga, kisha sikiliza. Kioo kizima hurudisha chembe ndogo za mwanga tangu mwanzo hadi mwisho. Kiungo kibaya huonekana kama ngazi inayoshuka, na palipokatika huonekana kama jabali. Mwanga ndani ya kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo muda wa kurudi hutaja umbali. Chombo hicho, ambacho mafundi hukiita OTDR, huchora picha ya uzi mzima kwa kukaa upande mmoja tu. Lakini picha haitoshi. Kwa faiba za ndani ya majengo, kipimo cha msingi ni kuweka chanzo cha mwanga upande mmoja na mita upande wa pili, na kuona kimepotea kiasi gani. Kabla ya yote hayo, darubini: kiini cha uzi wa masafa marefu kina upana wa maikromita 9 hivi, na chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho huweza kuuziba. Fundi mzoefu hufuta konekta kwanza, hutazama, ndipo huchomeka.

Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa miaka mingi hadi Julai 2009, mkongo wa Seacom ulipowashwa. TEAMS ilitua Mombasa mwaka huohuo kutoka Fujairah, na EASSy ikafuata 2010. Tangu hapo wakazi wa pwani na bara wamejifunza jiografia ya bahari kwa njia ngumu. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa. Februari 2024 nyaya kadhaa, Seacom ikiwemo, zilikatika katika Bahari ya Shamu, na nanga ya Rubymar, meli iliyoshambuliwa na kuachwa ikielea, ndiyo iliyodhaniwa kuwa chanzo. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo Seacom na EASSy zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Kila mara hatua ya kwanza ilikuwa ileile ya fundi wa Shangani: kukaa ufukweni na chombo, kulinganisha kinachoonekana leo na kumbukumbu za siku ya kwanza, na kuipa meli ya matengenezo namba ya kilomita.

Hila za watu nazo hazijaisha. Ya zamani kuliko zote ni fundi kupima soketi moja nzuri mara hamsini na kuipa majina hamsini. Programu za leo huweka saa na dakika ya kila kipimo, na michoro miwili ya kebo tofauti haifanani kamwe hadi nukta ya mwisho, kwa hiyo anayejua kusoma faili hukamata udanganyifu bila kutoka ofisini. Wengine hurekebisha kiwango ndani ya chombo ili kebo ya Cat 6 ipimwe kwa masharti ya Cat 5e, na neno "imefaulu" linatoka bila uongo wowote. Vyombo vyenyewe ni ghali, zaidi ya dola 10,000 kwa vile vya kuthibitisha, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya makandarasi wadogo waikwepe kazi hii au waazime chombo ambacho hakijarudishwa kiwandani kuhakikiwa kwa miaka.

Mkuu wa shule, msimamizi wa hospitali au mwenye jengo anayekaribia kuvuta mtandao ana mahali pa kujikinga, na ni palepale Hazina ya Uingereza ilipokosea: kwenye mkataba, kabla waya wa kwanza haujavutwa. Aandike kategoria anayoitaka na kiwango kitakachotumika kupimia. Aandike kwamba ukinzani wa kila jozi upimwe pia, tarehe ya mwisho ya kuhakikiwa kwa chombo ionekane, na matokeo yakabidhiwe katika faili asilia la chombo, si picha wala nakala iliyopigwa chapa. Malipo ya mwisho yafuate faili hilo. Na kabla ya kutia saini achague mwenyewe soketi tatu au nne, bila kumwambia mkandarasi mapema, na aombe zipimwe upya mbele yake.